Maua Niliyowapandia Ndege wa Mama

Mama aliposema nyumba yangu haina hata ndege, nilikasirika, na sikuficha. Nilikuwa nimetoka kumpikia mtori wa ndizi, nimeupoza, nimemfunga kitambaa kifuani asijichafue. Akapokea bakuli, akatazama dirishani, akasema hivyo. Si "asante mwanangu", si "chumvi imezidi". Ndege. Nikamwambia hapa ni Kimandolu, mama, ni mjini, ndege watafuata nini kwenye sementi. Akajibu, "Ndiyo hivyo nasema," akaanza kunywa mtori wake.

Niseme kwanza alifikaje kwangu. Mama yangu ni mtu wa Nkoaranga, kule juu kwenye mteremko wa Meru, alikoolewa akiwa msichana akakaa mpaka mvi. Masika ya mwaka juzi alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, kwenye njia ile ile aliyoishuka maisha yake yote, akateleza akavunjika nyonga. Alilazwa, akawekewa chuma, akaruhusiwa. Mlangoni mwa wodi mimi na mdogo wangu wa kiume tukaanza kubishana aende kwa nani. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo kwa mila haki ilikuwa yake. Lakini yeye na mke wake wanashuka kazini asubuhi, wanarudi giza likiingia. Mchana kutwa nani angemsogezea mama maji? Nikasema anakuja kwangu, basi.

Mimi ni mjane. Watoto wamekwenda na maisha yao, na nyumba ina vyumba vinavyokaa bure. Mama nilimpa chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa na jua la asubuhi. Nia yangu haikuwa akae mpaka apone. Nilitaka akae moja kwa moja. Ile njia naijua, na nilijua kwamba mtu mzima mwenye chuma kwenye nyonga akiteleza mara ya pili huenda asiinuke tena. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Mama naye alikuwa na lake. Kwake yeye, kukaa kwa binti ni kukaa ukweni. Nyumba ilijengwa na marehemu mume wangu, kwa hiyo ilikuwa nyumba ya mkwe, hata kama mkwe mwenyewe alishazikwa. Ukweni mtu anakwenda kusalimia, anakula, anaaga. Hajamaliza hata wiki akaniambia, "Nikipata nguvu utanirudisha." Nikaitikia, "Sawa mama," huku moyoni nasema thubutu.

Shida ni kwamba nguvu zenyewe hazikuja. Tulipewa ile fremu ya chuma ya kushikilia wakati wa kutembea, na muuguzi akasisitiza atembee kila siku, hata kidogo, la sivyo miguu itasahau kazi yake. Mama akaitazama fremu kama mtu anayetazama mgeni asiyealikwa. "Nitembee niende wapi?" akaniuliza. "Jikoni kwako?" Basi akawa mtu wa kitandani. Anakula kidogo, anasali, analala, anaamka anatazama ukuta wa jirani. Akawa anapungua mbele ya macho yangu. Nilimtaka akae, lakini si kwa namna hiyo.

Ndiyo maana lile neno la ndege, pamoja na hasira zangu, sikuliacha lipite. Niliwaza, kama ndege ndio wanaokosekana, basi tutaleta ndege. Akipata cha kutazama atatulia, na akitulia atakaa.

Ndege aliowataka niliwajua bila kuuliza. Si kunguru, hao tunao wa kutosha, wala si shomoro. Ni wale wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, dume anang'aa kijani au zambarau kama amepakwa mafuta, jike wa kijivu tu, hana makuu. Kwa Kiswahili anaitwa chozi, ingawa kule kwetu mlimani wengi hawatumii jina hilo, wanasema wale wa mgombani. Shambani kwa mama wako mwaka mzima, wanatoka kwenye migomba wanaingia kwenye migrevilea ya kivuli cha kahawa, wanarudi kwenye migomba. Nimekua nao na sikuwahi kuwatazama sawasawa, kama ambavyo mtu hatazami vijiko vya nyumbani kwao.

Miaka mingi nilifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii, na nakumbuka mgeni mmoja mama wa Kimarekani alivyosimama karibu na kamba zangu za kuanikia akipiga kelele ya furaha kwamba kaona hamingbadi, kale kandege kao kanakonyonya maua. Dereva wake akamweleza taratibu kwamba Afrika hao hawapo, wako kwao, na kwamba yule wa kwao anakunywa huku anaelea hewani, lakini chozi wetu anataka kitu cha kukanyaga, anatua kwanza ndipo anakunywa. Mama wa watu akanyong'onyea kidogo. Mimi nilicheka wakati ule. Baadaye maneno ya yule dereva yalinifaa kuliko alivyodhani.

Nilianza vibaya. Nilikwenda kwenye kitalu cha maua kando ya barabara ya Moshi, ambako miche imepangwa kwenye viriba vyeusi vya plastiki mpaka ukingoni mwa lami. Muuzaji alikuwa mwanamke kijana, umri sawa na binti yangu wa kwanza. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, nikaanza kuokota kwa macho. Nikachukua waridi, jekundu na la pinki. Nikachukua boganvilia, kwa sababu boganvilia hata mvivu inamstawia. Nikachukua na krotoni za majani ya madoa. Nilivunja sementi chini ya dirisha la mama, nikaleta udongo na samadi, nikapanda, nikamwagilia. Bustani ikapendeza kweli. Waliopita nyuma ya uzio walinisifu, nami nikasifika.

Ndege hawakuja. Wiki zikapita, waridi likachanua, likapukutika, likachanua tena, na hakuna aliyelitembelea isipokuwa nzi na wadudu wale wadogo wa kijani wanaong'ang'ania machipukizi. Nikanunua dawa ya wadudu nikapulizia, na wakafa wote. Mama alikuwa dirishani ananitazama nilivyobeba bomba la dawa mgongoni. "Mbona waridi jingi hivyo?" akasema. "Unajiandaa kuolewa tena?"

Nilipandwa na hasira, kisha nikacheka, maana alikuwa na haki. Nilikuwa nimechagua maua ya kumpendeza mtu. Sikujiuliza ndege anataka nini.

Jibu nililipata kanisani, na Mungu anisamehe, kwa sababu mahubiri ya siku hiyo siyakumbuki hata kidogo. Nilikaa upande wa dirisha. Nje kuna ule mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kuoshea chupa, matawi yake yananing'inia, na ndani yake mlikuwa na chozi wanagombana kama wanawake kwenye bomba la maji. Hatua chache kutoka hapo pana kichaka kikubwa cha waridi, kimepandwa na wachungaji, na hakuna ndege hata mmoja aliyekitupia jicho. Nikatulia nikatazama. Kwenye mti ule kila ndege alishika kitawi kwa miguu, akainama, akazamisha mdomo. Nilitoka ibadani nikiwa nimejifunza mengi kuliko nilivyojifunza mwaka mzima, ingawa si yale mchungaji aliyokusudia.

Siku iliyofuata nikarudi kitaluni. Nikamwambia yule dada sitaki ua la kunukia wala la kupeleka kwenye harusi, nataka ua lenye asali ndani. Akakuna kichwa. Hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. Akasema nichague mwenyewe.

Sasa, watoto wote wa mlimani wanajua kunyonya maua. Ukitoka shule na njaa, unachuma ua lenye umbo la bomba, unang'oa kitako chake, unanyonya, unapata tone moja la utamu, unatupa, unachuma jingine. Nikafanya hivyo hivyo, na umri wangu huu, na kanga yangu ya heshima. Nilipita kwenye mistari ya viriba nikichuma ua moja moja na kunyonya. Lisilo na kitu nililipita. Lenye utamu nilisogeza kiriba chake pembeni. Yule dada alivumilia, kisha uvumilivu ukamwishia. "Mama, unakula mtaji wangu," akasema. Nikamwambia atulie, nanunua. Nilipofika kwenye lile ua kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta, alinishika mkono kabisa. "Hilo usiweke mdomoni. Hilo linatia watu wazimu." Nililiacha, na namshukuru mpaka leo, kwa hiyo asije mtu akasema nimemfundisha kunyonya kila ua analoliona.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilichukua tekoma, ile ya kupandwa kwenye uzio, yenye vibomba vya rangi ya chungwa, kwa sababu kila ua nililonyonya lilikuwa na kitu. Nilichukua salvia nyekundu, fupi lakini haichoki kuchanua. Nilichukua haibiskasi moja nyekundu. Nilichukua mishubiri, siyo kwa ajili ya majani yake machungu ambayo kila mtu anayapigia debe, bali kwa ajili ya ule mkuki wa maua unaotoka katikati wakati wa kipupwe, maua mengine yamelala. Hilo lilikuwa jambo la kufikiria: ukipanda vitu vinavyochanua kwa pamoja, ndege atakula sikukuu mwezi mmoja kisha atakusahau. Na lile ua lililonifaa kuliko yote halikuwepo kitaluni. Ni lile gugu refu lenye mafundo ya miiba kwenye shina na maua ya rangi ya chungwa yakizunguka kila fundo, linaota lenyewe kando ya barabara za vumbi. Nilikwenda kumtembelea rafiki yangu anayekaa mtaa wa Elerai, nikaliona mtaroni, nikang'oa miche kwa mikono nikaifunga kwenye gazeti. Rafiki yangu alidhani ni dawa ya tumbo.

Waridi nikagawa. Boganvilia nikaihamishia getini. Dawa ya wadudu nikaacha kabisa, kwa sababu nilishaona pale kanisani chozi akidonoa vidudu na buibui katikati ya maua. Makinda yake hayakui kwa asali peke yake. Hapo ndipo nilipogombana na mama. Mwanamke wa kwetu siku ya Jumamosi anafagia uwanja na kutoa utando wa buibui kwenye mapaa, Jumapili isimkute na uchafu. Nami nilikuwa nimeacha utando wote wa nyuma ya nyumba, maana chozi anautumia kushonea kiota. Mama akauona dirishani kwake. "Sikukuzaa mchafu," akasema. Nikamweleza habari za kiota. Uso wake ulibaki vile vile.

Vuli ikanyesha, mimea ikashika. Siku moja asubuhi, natupa maji ya vyombo, nikamwona chozi dume kwenye lile gugu la Elerai, kifua chekundu, mwili mweusi, anazunguka fundo la maua kama anasoma. Nilibaki na karai mkononi. Sikukimbia, nilinyata mpaka chumbani kwa mama nimwamshe. Alikuwa macho, ameegemea mto. "Mama, wamekuja," nikamnong'oneza. Akasema, bila kugeuka, "Wako hapa tangu juzi."

Tangu juzi. Na hakufungua mdomo wake kuniambia. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Lakini alikuwa anawatazama, hilo nililiona. Alianza kuniomba nimsogezee kitanda, kisha aketi kwenye kiti, kisha kiti kisogezwe karibu zaidi na dirisha. Alikula vizuri zaidi. Akanieleza yupi ni mume wa nani. Nikasema moyoni, imekubali, amekaa.

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu kwa panga.

Nyuma ya bafu langu, upande wa dirisha la mama, kuna migomba, inakunywa maji ya kuogea na inastawi. Mmoja ulikuwa umetoa mkungu. Sasa kwa asiyejua: mkungu ukishamaliza kutoa chane zake, lile ua la mgomba linabaki likining'inia chini kabisa, zambarau, zito, kama moyo wa ng'ombe. Linafungua ganda moja baada ya jingine, na halizai tena. Sisi watu wa migomba hatuliachi. Tunalikata, nguvu yote irudi kwenye ndizi. Ukipita kwa mtu ukakuta ua linaning'inia, unajua hapo pana mvivu, au pana ugonjwa, au wenyewe wamehama. Mama mwenyewe alinifundisha nikiwa mdogo sana, na mikono yangu hailifikirii jambo hilo, inalitenda tu. Nilitoka kwenda kuanika nguo, nikaona ua, nikachukua panga, nikakata, nikalitupa kwenye mbolea, nikaanika nguo.

Siku iliyofuata mama hakutaka kiti. Siku ya pili yake akalala amelipa dirisha mgongo. Chai ikapoa. Nikamwuliza kama nyonga inauma, akasema haiumi. Nikamwuliza kama nimemkosea, akasema, "Yule mwekundu alikuwa anakuja pale. Yeye na mke wake. Kwenye ua la mgomba, kila asubuhi kabla hujaamka. Kama kwangu."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mimi nilihangaika na vitalu, nikanyonya maua ya watu barabarani, nikang'oa magugu mitaroni, na kile ambacho kilikuwa kinamfanya mama ajione yuko kwake nilikikata kwa mkono wangu. "Si ungeniambia," nikasema. Akasema, "Nikwambie nini? Ulifanya nilivyokufundisha."

Ikabidi tungoje mgomba mwingine uzae. Ulikuwa wakati mrefu na mbaya. Chozi waliendelea kuja kwenye tekoma na salvia, lakini mama alikuwa amekata tamaa na dirisha. Nilimwogesha, nikamlisha, nikaona mapaja yake yanakuwa membamba kama mikono yangu. Niliogopa. Usiku nilijiambia kwamba nilimtoa kwake ili asife, na sasa anafia kwangu.

Mgomba wa pili ukatoa mkungu mwishoni mwa kipupwe. Ua likashuka, likafungua ganda la kwanza, la pili. Niliona aibu, sitadanganya. Kila nikipita pale mikono ilikuwa inaniwasha. Niliwaza watu watasema nini. Lakini nililiacha, na yule mwekundu akarudi, anatua kwenye ganda lililoinuka, anaingiza mdomo kwenye safu ya vijiua vya njano. Mama akageuka kutazama dirishani.

Kisha ikaja zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali kwangu. Mama mmoja wa jumuiya, naye Mmeru wa mlimani kama sisi, alifika kabla ya wenzake. Nilikuwa jikoni na chai ya watu wengi. Akazunguka nyuma kumwamkia mama yangu dirishani, na hapo akaliona ua la mgomba. Nadhani aliumia kweli, maana nilimsikia akigonga ulimi kwa masikitiko. Pale kwenye karo la kuoshea vyombo palikuwa na kisu. Kwa wema wake wote akakichukua, akaona mwenye nyumba ana mgonjwa, hana nafasi, wacha amsaidie.

Nikamsikia mama akisema, "Acha." Yule mama akajibu kwa upole, "Wala si kazi, bibi, namaliza sasa hivi." Mama akasema tena, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu avunjike, "Nimesema acha." Kisha nikasikia chuma kinagonga sakafu ya korido. Kinagonga, kinaburuzwa, kinagonga. Nilidhani kuna mtu anahamisha meza. Nilipotoka na mwiko mkononi, mama yangu alikuwa amesimama kwenye udongo, miguu mitupu, kanga imelegea, mkono mmoja kwenye fremu na mwingine umeshika kiwiko cha mgeni.

"Hilo ni la ndege," akamwambia.

Yule mama akanitazama. Macho yake yalikuwa yanauliza kama bibi amechanganyikiwa tangu lini. Nikamwambia ni kweli, shoga, ni la ndege. Akaweka kisu chini polepole, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mama ndipo akashtuka kuona mahali alipo. Akatazama miguu yake kwenye udongo, akatazama mlango aliotokea. "Nileteeni kiti," akasema. Tulisali pale pale uani siku ile, na wanajumuiya waliimba huku wanalitupia macho lile ua. Ninajua wote mikono iliwawasha.

Kuanzia hapo hakukuwa na kumzuia. Asubuhi alitoka mwenyewe kukagua. Alizunguka bustani, akang'oa magugu kwa ncha ya fimbo, akaniamuru nihamishe salvia kwenye jua. Akafika getini. Akafika dukani akarudi na kiberiti ambacho hatukukihitaji. Fremu akaiacha, akabaki na fimbo. Ule mkungu ulitoa ndizi nyembamba, akazipika mwenyewe, akasema zinatosha. Nilimpigia simu mdogo wangu nikajigamba. Nikamwambia mama amepona na amezoea, sasa ni mtu wa Kimandolu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mume wangu aondoke. Nilikuwa narudi nyumbani na kuna mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi.

Jioni moja tunachambua mchicha, akasema, "Mwanangu, Jumamosi unitafutie gari."

"Gari la kwenda wapi?" nikamwuliza, na nilijua.

"Kwangu."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia kuhusu njia. Nikamwambia kuhusu matope, ukungu wa asubuhi, mwanawe anayeshinda kazini. Nikamwambia kwamba nimemlea kama yai. Nikamwambia gari linaishia barabarani, kuanzia hapo ni miguu, ni mteremko, na yeye ana chuma. "Na ukianguka?" nikamwuliza. "Niambie, ukianguka?"

"Nikianguka nitaangukia kwangu," akasema, akaendelea kuchambua mchicha.

Kisha nikasema lile ambalo nilikuwa nalificha nyuma ya njia na matope. Nikamwambia naogopa kubaki peke yangu humu ndani. Nikamwambia, "Na maua yote haya nilimpandia nani?"

Akaweka sinia chini. Akanitazama vizuri, kama ninavyomkumbuka akinitazama nikiwa na homa utotoni. "Ulinipandia mimi, mama yangu," akasema. "Ndiyo maana leo nina miguu ya kuniondoa hapa."

Nililia jikoni, na sikujali kama ananisikia. Alinisikia. Hakuja kunibembeleza na hakubadili neno lake.

Jumamosi gari lilikuja mapema. Dereva akapakia mizigo. Mama alikaa kwenye kiti cha uani, tayari, na viatu vyake vya kamba miguuni, vile vya kupandia mlima, ambavyo sikujua kama alivileta. Kuinama hakuweza bado. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamfunga kamba, nikazivuta, nikapiga fundo juu ya fundo, kisha nikafungua nikafunga upya kwa nguvu zaidi, maana njia ya kwake inateleza.